Askari Anaponunua Gari Kuukuu

Huko Nyakabanda, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, liko gari moja kubwa la diseli lililosimamishwa juu ya mawe manne. Magurudumu yake yamekwisha kuuzwa, na betri vilevile. Mama wa nyumba ya jirani huanika nguo za watoto juu ya boneti. Mwenye gari hilo ni koplo mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Alirejea kutoka kazi ya kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati akiwa na akiba ya mwaka mzima wa jua na vumbi, na akiba ile yote, pamoja na mkopo uliowekwa juu yake, ndiyo iliyosimama juu ya mawe yale.

Ndugu msomaji, siandiki habari hii ili nimcheke mwenzetu. Siku aliponunua gari lile mimi nilikuwapo, tena nilikuwa miongoni mwa waliompa mkono wa pongezi. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, redio inaimba, viti vya ngozi vinanukia. Sisi sote, watu tuliofundishwa kukagua bunduki mpaka ndani ya mtutu, hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini ya gari. Baada ya miezi saba pampu ya diseli ilikufa. Kipuri chake hakikupatikana Kigali; kilitakiwa kuagizwa Dubai, na bei yake ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe. Mkopo nao haujui kwamba gari limesimama. Kila mwisho wa mwezi ulikatwa katika mshahara kabla haujafika mkononi, na mwenzetu akaendelea kwenda zamu ya usiku kwa pikipiki ya kukodi, akililipia gari asilolipanda.

Miaka mitatu baadaye alikuwa amekwisha kulipa deni. Yeye na mkewe, ambaye huuza vitenge, walikuwa wamekusanya faranga milioni 4. Akaniambia, "Afande, safari hii twende pamoja, na tusipongezane mapema."

Kabla ya kuingia sokoni, yafaa msomaji afahamu jambo moja linaloitofautisha Rwanda na baadhi ya jirani zake. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Japani. Kwa sababu hiyo magari yaliyotumika Japani hushushwa kwa maelfu Mombasa na Dar es Salaam, yakiwa na usukani kulia, na wingi wake ndio unaoshusha bei. Rwanda huendesha upande wa kulia. Mwaka 2005 nchi ilizuia kuingizwa kwa magari yenye usukani wa kulia. Hivyo magari yetu kuukuu hutoka aghalabu Ulaya na nchi za Ghuba, na mengine Korea ya Kusini au Marekani. Ndugu yako aliye Kampala akikuambia bei aliyonunulia gari lake, usiifanye kuwa kipimo chako.

Tena kila nchi hulitia gari ugonjwa wake. Gari la Ulaya ya kaskazini limepita miaka mingi katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula chuma kutoka chini. Juu utaona rangi safi, chini utakuta chasisi imetoboka kama chujio. Gari la Ghuba halina kutu, lakini joto la huko limekausha mipira yote: mabomba ya maji, bushi, mikanda, pembe za milango. Kati ya maradhi hayo mawili, mimi naona afadhali la Ghuba, maana mpira hubadilishwa, ilhali chasisi iliyooza haina dawa ya bei nafuu.

Basi tulimchukua fundi mmoja wa Nyakabanda ambaye hufanya kazi uani kwake, tukamlipa ujira wa siku nzima. Sharti letu lilikuwa moja: asijuane na muuzaji, wala na dalali. Hapa Kigali dalali huitwa komisiyoneri, na si mtu mbaya, ila hulipwa gari linapouzwa. Hajalipwa kamwe kwa gari lisilouzwa.

Gari la kwanza tulilooneshwa lilikuwa zuri mno kwa bei yake. Usukani ulikuwa kushoto, karatasi zipo, injini iliitika mara moja. Mwenzetu alikwisha anza kutabasamu. Fundi yeye aliwasha vipangusa vioo, akavitazama vikipanda na kushuka, kisha akavizima akanyamaza. Vilikuwa vimepangwa kwa dereva anayeketi kulia. Kona ya juu ya kioo, upande wa dereva wa kushoto, haikufutwa. Akafungua boneti. Kifaa cha kusukuma mafuta ya breki kilikuwa bado upande wa kulia, na pedali ya breki iliyo kushoto ilikifikia kwa fimbo ndefu iliyopita nyuma ya dashibodi. Nguzo ya usukani ilikuwa imeungwa kwa kulehemu.

Gari lile, wasomaji wangu, lilizaliwa na usukani wa kulia, likahamishwa usukani gerejini. Liko dalili nyingine ambayo askari wa usalama barabarani wanaijua vizuri kuliko mimi. Taa za gari la usukani wa kulia, zikiwa zimeshushwa, hurusha mwanga zaidi upande wa kushoto, maana huko kwao ndiko kuna ukingo wa barabara. Likiletwa kwetu, mwanga ule humwangukia machoni dereva anayekuja mbele. Simama usiku mbele ya ukuta, hatua kumi, uwashe taa: mwanga unaopanda upande wa kushoto hauhitaji shahidi mwingine. Nasi hatukubishana bei. Kulehemu nguzo ya usukani ni jambo ambalo mtu hulijua ubaya wake siku moja tu, akiwa katika mteremko.

Gari la pili lilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1998, injini ya lita 1.3, mali ya mwalimu mmoja mstaafu hapohapo Nyakabanda. Rangi imefifia, kiti cha nyuma kimeshonwa. Tulikuwa tumemwomba kwa simu asiliwashe asubuhi hiyo. Hili ni jambo la kusisitiza. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi: kuwaka kwa taabu, mgongano wa vyuma vilivyolika, moshi wa dakika ya kwanza. Fundi aliweka kiganja juu ya injini, ikawa baridi. Akafungua kifuniko cha oili na kutazama chini yake. Ute mzito wa rangi ya maziwa mahali hapo waweza kuwa dalili ya maji kuingia katika oili, na mara nyingi maana yake ni gasketi ya hedi iliyoungua. Hapakuwa na ute. Likawashwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweusi ni petroli iliyozidi, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. La mwalimu lilitoa mvuke kidogo, ukakoma.

Kipimo cha kilomita hatukukijadili sana. Namba zile hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tulitazama pedali ya klachi, usukani na ukingo wa kiti cha dereva, kwa kuwa kilomita chache haziendi pamoja na pedali iliyolika mpaka ikaonesha chuma. Kwenye matairi tulisoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: 2317 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2017. Mawili ya nyuma yalikuwa na meno mazuri lakini umri wa uzee, nayo tukayahesabu kuwa ni ya kununua upya.

Kisha ukaja mlima. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Maana yake gari liliposifiwa huko Antwerp kwa nguvu zake, hapa kwetu hufika likiwa limekwisha kupungukiwa kama sehemu moja katika saba. Ndiyo sababu kulijaribu kwa kuzunguka uwanja wa mpira ni mchezo wa watoto. Tuliketi watu wanne, tukateremka Kimisagara hadi Nyabugogo, tukageuka na kurudi juu kwa gia ya pili, dirisha likiwa wazi ili tusikie. Kushuka kulitufundisha breki: je, gari linavuta upande mmoja, je, pedali inazama zikishapata moto? Kupanda kulitufundisha klachi: injini ikinguruma zaidi lakini mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukakaa hapo. Tulipofika juu fundi alizima injini, akangoja dakika tano, akaiwasha tena. Iliwaka. Wakati huo ndipo tulipoinama chini ya gari, sote wanne, hata nguo zikachafuka. Palikuwa na kutu juu juu na tone moja la oili.

Mwenzangu alisononeka kidogo kwa udogo wa gari. Nikamkumbusha sababu iliyotuleta. Corolla ya namna ile imefunguliwa na kufungwa na kila fundi wa mji huu. Vipuri vyake viko Gatsata, vipya na vya kuukuu, na akihamishiwa Rusizi au Nyagatare atakuta mtu anayeijua. Hiyo ndiyo hesabu ambayo gari kubwa lilimkosea. Vivyo hivyo nawaonya wanaopendezwa na magari yale yanayotumia petroli na umeme pamoja. Hunywa mafuta kidogo, ni kweli, lakini ukinunua la zamani bila kupimiwa betri yake kubwa, huenda umenunua deni.

Habari ya karatasi haitaki maneno mengi, ila haisameheki. Namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma ilinganishwe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo katika kadi ya manjano, ambayo mji mzima huiita carte jaune. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako. Herufi za kibao huonesha lini gari liliandikishwa Rwanda, wala si lini lilitengenezwa. Hati ya ukaguzi wa Polisi itazamwe tarehe, ingawa hati hiyo husema gari lilikuwaje siku ile tu. Faini nazo huandikwa kwa namba ya gari: kamera za barabarani, ambazo raia wamezipa jina la Sofia, hazitambui kwamba gari limebadili mwenyewe. Mwalimu alilipa faini yake moja mbele yetu, akiwa na haya kidogo. Fedha hazikutoka mfukoni mpaka siku ya kubadilisha jina katika Mamlaka ya Mapato, pande zote mbili zikiwapo.

Mwalimu alitaka milioni 3 na laki 6. Kwa matairi mawili, kutu na ile oili, wakapatana milioni 3 na laki 2. Laki 8 zilizobaki hatukuziita akiba. Tangu mwanzo zilikuwa sehemu ya bei. Injini ile huendeshwa kwa mkanda wa taiming, na kwa kuwa hakuna aliyejua ulifungwa lini, fundi aliubadilisha siku ya pili yake, pamoja na pampu ya maji, oili, vichujio, pedi za breki na yale matairi. Bima nayo ikalipwa. Mwenzetu aliandika kila kitu katika daftari la shule, akabakiwa na faranga 140,000.

Sasa huenda zamu na kurudi, na asubuhi humshusha mkewe sokoni na mizigo yake. Gari kubwa bado liko juu ya mawe. Juma lililopita alikuja mtu kutoka Gatsata akauliza bei ya milango.