Mfuko wa Ajali ya Pili

Mtu mwenye jicho moja aombapo kazi, tajiri huweza kuogopa: likipotea hilo lililobaki, mtumishi huyo atakuwa kipofu kabisa, na fidia yake itakuwa kubwa mno. Kwa ajili ya hofu hiyo, mwaka wa 1916 jimbo la New York, huko Marekani, liliweka mfuko maalumu. Ajali ya pili ilipotokea, tajiri alilipia jicho lililopotea kazini kwake tu. Fidia iliyosalia ilitoka mfukoni humo. New York haipokei tena madai ya ajali zilizotokea tangu tarehe 1 Julai 2007, lakini jimbo la Missouri lingali na mfuko wake, ulioanzishwa mwaka wa 1943. Matajiri huuchangia kwa nyongeza juu ya ada zao za bima. Hivyo mzigo hugawanywa, ili aliyeumia zamani asinyimwe kazi.