Tinti ya gari: Kwa nini inatoa mapovu, inageuka zambarau na kubanduka

- Giza la kioo si kipimo cha ubaridi ndani ya gari.
- Mapovu ya maji hukauka yenyewe, ya uchafu hayaondoki.
- Kubandua tinti ya zamani kwenye kioo cha nyuma kwahitaji fundi mwenye subira, vinginevyo utaingia hasara nyingine.

Dar es Salaam. Jua la saa nane mchana kwenye foleni ya Ubungo au Mwenge linatosha kumshawishi mwenye gari yeyote aweke tinti. Fundi yupo, karatasi ipo, na baada ya saa chache vioo vimekuwa vyeusi tii.

Shida huanza baadaye. Wiki kadhaa zikipita mapovu bado yapo. Muda ukienda kioo cha nyuma kinageuka zambarau. Usiku ndiyo balaa, dereva analazimika kushusha kioo ili ajue kama kuna bodaboda inakuja upande wake.

Mengi ya matatizo haya yanatokana na mambo mawili: aina ya karatasi iliyobandikwa na jinsi kioo kilivyoandaliwa. Habari njema ni kwamba yote mawili unaweza kuyakagua kabla hujatoa hela yako.

Giza si ubaridi

Tunaiita karatasi, lakini tinti ni plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja, inayobandikwa ndani ya kioo. Kinachotofautisha moja na nyingine ni kile kilichowekwa ndani ya plastiki hiyo.

Ya bei ya chini zaidi ni ya rangi. Inapunguza mwanga na kukupa faragha, lakini kazi yake kwenye joto ni ndogo. Inafyonza joto la jua, kioo kinapata moto, kisha sehemu ya joto hilo inaingia ndani.

Zipo pia zenye chembe za metali, za kaboni na za seramiki. Hizi za seramiki ndizo za gharama kubwa, kwa sababu zinazuia miale ya infraredi hata zikiwa na giza dogo.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Takribani nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni infraredi, ambayo jicho halioni. Kwa hiyo karatasi ya seramiki inayopitisha asilimia 50 ya mwanga inaweza kuzuia joto zaidi kuliko ya rangi inayopitisha asilimia 20 tu. Ukichagua kwa kuangalia weusi, umenunua faragha na siyo ubaridi.

Ngozi nayo ina hesabu yake. Karatasi yenye ubora huzuia hadi asilimia 99 ya miale ya UV, hata ile isiyo na giza kabisa.

Hesabu ya giza inayowaponza wengi

Namba unayotajiwa dukani, kama 5, 20, 35 au 50, ni asilimia ya mwanga unaopita. Namba ikiwa ndogo, giza ni kubwa. Ukichukua 5, maana yake katika kila sehemu 100 za mwanga zinapita tano tu.

Sasa kumbuka gari nyingi zinazoingia nchini ni zilizotumika kutoka Japani. Sheria za kule zinataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, lakini vya nyuma havibanwi na sharti hilo. Ndiyo maana unakuta gari imefika na vioo vya nyuma vyeusi tangu kiwandani.

Weusi huo si karatasi. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe, hivyo haibanduki. Ukibandika tinti juu yake, giza linazidishwa.

Chukua kioo cha kiwandani kinachopitisha asilimia 20. Ukiongeza karatasi ya 35, unachobaki nacho ni asilimia 7. Ukiongeza karatasi ya 5, inabaki asilimia 1. Hapo mchana utajiona uko vizuri, ila usiku unarudi nyuma kwa kubahatisha.

Hata kioo cheupe hakipitishi mwanga wote. Kama mlango wa mbele unapitisha asilimia 75 na ukaweka karatasi ya 35, unabaki na asilimia 26 hivi, yaani karibu robo ya mwanga uliopo nje.

Taa za gari haziwezi kukuokoa hapa. Zinamulika mbele, wakati mtembea kwa miguu au bodaboda kwenye makutano hutokea pembeni, na unamuona kupitia kioo cha mlango. Vioo vya kutazamia nyuma navyo unavitazama kupitia kioo hicho hicho.

Kwa hiyo vioo vya mbele viwekee karatasi nyepesi yenye uwezo wa kuzuia joto, na weusi uache nyuma. Kabla ya kulipa, waulize askari wa usalama barabarani giza gani linakubalika kwa aina ya gari yako, hasa kama unabeba abiria. Ni rahisi kuuliza mapema kuliko kubandua ukiwa barabarani.

Mapovu yapi ya kusubiri, yapi ya kurudisha kwa fundi

Tinti hubandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo ili karatasi iteleze na kukaa mahali pake. Baada ya hapo fundi anakamua maji kwa kipande cha plastiki. Maji kiasi hubaki chini yake, na hayo yanahitaji muda kukauka.

Kwa hiyo ukiona ukungu au vijipovu vidogo vya maji siku za kwanza, usipaniki. Kwenye jua kali vitakauka ndani ya siku chache. Wakati wa masika, au gari ikilala kwenye kivuli, inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Mapovu mengine hayana dawa ya kusubiri. Ukiona kipovu chenye kidoti kigumu katikati, hiyo ni chembe ya mchanga, vumbi au uzi wa kitambaa uliobaki kwenye kioo. Haitakauka wala kuyeyuka.

Kipovu kikubwa cha hewa kinachocheza ukikibonyeza ni ishara kwamba fundi hakukamua vizuri. Na kama mapovu yanatokea miezi mingi baadaye na kuongezeka, gundi ndiyo imechoka.

Kipimo rahisi ni mwezi mmoja. Kilichobaki baada ya hapo ni haki yako kumrudishia fundi. Usikitoboe kwa pini, maana utabaki na tundu na alama ya kudumu.

Zambarau inatoka wapi?

Karatasi ya bei ya chini hupata weusi wake kwa kuchanganya rangi kadhaa. Jua linazichosha rangi hizo kwa kasi tofauti. Zinazopauka mapema zikiisha, zinazobaki ndizo zinazokupa ile zambarau unayoiona kwenye gari za zamani.

Hakuna sabuni wala polishi inayoirudisha. Zambarau maana yake karatasi imekwisha, na dawa ni kubandua. Kwa mtu anayeegesha gari juani kila siku, karatasi ya rangi inaweza kumgharimu mara mbili, kuweka na kutoa.

Kingo zinazonyanyuka na ufa wa mwanga

Tinti nyingi huanza kubanduka kwenye kingo. Sababu ya kwanza ni uchafu. Chini ya kioo cha mlango kuna raba inayokusanya mchanga na mafuta, na fundi asiposhusha kioo na kuisafisha sehemu hiyo, gundi inashika uchafu badala ya kioo.

Sababu ya pili ni haraka. Ukishusha kioo siku hiyo hiyo, raba inaikwangua karatasi kabla gundi haijashika.

Nafasi ndogo ya mwanga ya milimita moja au mbili kwenye ukingo wa juu ni kawaida, inazuia karatasi isigongane na raba. Ikizidi hapo, au ikiwa imepinda kama imekatwa kwa meno, ni kazi mbovu.

Kioo cha nyuma nacho kina vidoti vyeusi pembezoni. Karatasi haishiki vizuri juu yake kwa sababu vimenyanyuka kidogo, hivyo mstari mweupe unaweza kuonekana. Fundi mzuri atakuambia hilo kabla hajaanza.

Kioo cha nyuma ndicho mtihani

Kioo hiki kimejikunja pande zote, wakati karatasi imetoka dukani ikiwa bapa. Fundi mwenye ujuzi huilaza kwanza upande wa nje, akaifinyaza kwa mashine ya hewa ya moto hadi ikae umbo la kioo, ndipo akaihamishia ndani ikiwa kipande kimoja.

Asiyejua ataikata vipande na kuviunga, au atakuachia mikunjo kama vidole. Akizidisha moto, karatasi inaungua, na kioo chenyewe kinaweza kupasuka.

Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kubandua tinti ya zamani. Ile mistari myembamba inayopita kwenye kioo cha nyuma ni nyaya za kuondoa ukungu, na baadhi ya magari yana antena ya redio humo humo. Ziko upande wa ndani, pale pale gundi iliposhika.

Fundi akikwangua kwa wembe, mstari unakatika. Hutaona tofauti siku hiyo. Utaiona siku ya mvua kubwa, kioo kimejaa ukungu, ukibonyeza swichi sehemu moja inabaki haioni kitu.

Njia salama ni mvuke au joto la taratibu linalolainisha gundi, kisha karatasi inavutwa polepole na mabaki yanafutwa kwa kitambaa. Ukiona wembe unatolewa kwa ajili ya kioo hicho, simamisha kazi.

Redio inakoroma, ramani inapotea

Karatasi zenye chembe za metali zinaweza kudhoofisha mawimbi ya redio, simu na GPS. Kwa dereva wa usafiri wa mtandaoni ambaye kazi yake yote iko kwenye ramani ya simu, hilo si jambo dogo. Kaboni na seramiki hazina shida hiyo.

Jinsi ya kumpima fundi kabla hajaanza

Huhitaji kuwa mtaalamu. Angalia mambo haya:

- Mahali pa kazi. Pembeni ya barabara ya vumbi upepo ukivuma, mapovu ya uchafu hayakwepeki. Tafuta sehemu iliyofunikwa na yenye sakafu inayomwagiwa maji.
- Maji. Je, anafunika dashibodi, spika na swichi za vioo kabla ya kupulizia? Maji yakiingia kwenye swichi ya umeme, utalipia gharama nyingine.
- Usafi wa kioo. Anatakiwa kukikwangua na kukisafisha zaidi ya mara moja. Akipangusa mara moja na kubandika, jiandae.
- Ukataji. Wapo wanaokata kwa mashine ya kompyuta, wapo wanaokata kwa mkono. Mkono si tatizo, tatizo ni kukandamiza kisu juu ya kioo hadi kinachanika.
- Taa ya joto. Mwambie aweke taa ya moto upande mmoja wa kipande cha sampuli, nawe uweke mkono upande wa pili. Linganisha mbili au tatu. Mkono wako utakuambia ipi inazuia joto kweli.
- Maandishi. Risiti ieleze aina ya karatasi, asilimia yake na muda wa waranti. Maneno ya "hii ni original" hayakusaidii ikigeuka zambarau.

Ukishaweka, fanya hivi

Usishushe vioo kwa siku tatu hadi tano, na wakati wa mvua ongeza siku. Weka kipande cha gundi ya karatasi juu ya swichi ili abiria au watoto wasijisahau.

Usioshe vioo kwa ndani wiki za mwanzo. Baada ya hapo tumia kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo. Epuka dawa za vioo zenye amonia, kwa sababu zinaharibu karatasi na gundi yake.

Ukiona michirizi ya wima kwenye kioo cha mlango, safisha raba zake. Mara nyingi ni mchanga ulionasa humo unaochora karatasi kila kioo kinapopanda na kushuka.

Na jambo moja la mwisho kwa wazazi. Tinti inapunguza kasi ya joto kuingia, lakini gari iliyofungwa juani inapata moto hata ikiwa na karatasi ya gharama kubwa kuliko zote. Isitoshe, vioo vikiwa vyeusi, anayepita nje hawezi kumuona mtoto aliyebaki ndani. Fungua mlango wa nyuma, angalia kiti, ndipo ufunge gari.