Neema Isiyohisiwa

Mkatoliki anapoulizwa ni lini alionja neema, mara nyingi hutaja alichohisi: machozi mbele ya Ekaristi Takatifu, amani iliyomshukia siku ya tisa ya novena, wepesi wa moyo baada ya kuungama. Asiyehisi chochote huondoka kanisani akijiuliza kama Mungu amempita. Ninashikilia kwamba huyu wa pili huenda hajapungukiwa kitu. Kanisa halijawahi kuifanya hisia kuwa kipimo cha neema, na baadhi ya watakatifu tunaowapenda zaidi walitenda makuu yao mioyo ikiwa imekauka.

Ushahidi wa kwanza umo katika sakramenti zenyewe. Mtoto mchanga anapobatizwa hajui kinachotendeka. Pengine analia tu kwa ubaridi wa maji. Hata hivyo tunasadiki kwamba saa ileile anajaliwa neema ya utakaso, yaani uzima wa Mungu ndani ya roho yake. Mgonjwa aliyepoteza fahamu naye hupewa Mpako wa Wagonjwa, wala padri hasubiri azinduke kwanza. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba sakramenti huleta neema kwa nguvu ya tendo lenyewe, maadamu mpokeaji haweki kizuizi. Na mwaka huohuo ulisema kwamba hakuna awezaye kujua kwa uhakika wa imani kuwa yumo katika neema. Karne tatu kabla, Mtakatifu Thoma wa Akwino aliruhusu dalili tu: kufurahia mambo ya Mungu, kutotawaliwa na malimwengu, dhamiri isiyomshtaki mtu dhambi ya mauti. Furaha imo, lakini kama dalili, si kama uthibitisho. Jeanne d'Arc, binti wa kijijini asiyesoma, alilielewa jambo hili kuliko mahakimu wake. Mwaka 1431 kule Rouen walimuuliza kama yumo katika neema. Akisema ndiyo, amekiuka mafundisho. Akisema hapana, amejihukumu. Alijibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie humo, na kama yumo, Mungu amhifadhi humo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2005, inalitumia jibu lake inapofundisha kwamba neema haifikiwi na hisi zetu na hujulikana kwa imani tu.

Maisha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu yanalithibitisha fundisho hili kwa namna ya kustaajabisha, kwa sababu alizijua hali zote mbili. Usiku wa Noeli mwaka 1886, baada ya Misa, alipata neema aliyoihisi waziwazi: udhaifu wa kulia kwa kila jambo, uliokuwa umemtesa miaka mingi, ulimwacha. Lakini tangu Pasaka ya 1896, ugonjwa wa kifua ukiwa umekwisha kumwanza, giza liliifunika imani yake hata wazo la mbinguni likageuka mateso. Giza halikuondoka mpaka alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Basi tazama kurasa alizoandika katika miezi hiyo: ndimo alimotangaza kwamba wito wake ni upendo. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997, sehemu kubwa ya utajiri aliouheshimu ilitoka katika kipindi ambacho mwandishi hakuhisi faraja. Mama Teresa wa Kalkuta naye aliusikia wito wake wa pili ndani ya treni ya kwenda Darjeeling, tarehe 10 Septemba 1946. Barua zake, zilizochapishwa 2007, zilionyesha kwamba muda mfupi baada ya kuanza kuufuata wito huo aliingia katika ukavu uliodumu karibu maisha yake yote, na katika ukavu huohuo shirika lake lilienea duniani.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama neema haihisiwi, inatofautianaje na kutokuwepo kwa neema? Jibu la Injili ni matunda, na matunda mara nyingi huonwa na wengine kabla ya mwenyewe. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro, Kongo, tarehe 1 Desemba 1964, kwa kumkatalia kanali wa waasi aliyetaka kumnajisi. Alimsamehe muuaji wake palepale. Alichohisi dakika ile hakuna awezaye kukisimulia, na Kanisa halikukihitaji lilipomtangaza mwenyeheri mwaka 1985. Wapo watakaosema kwamba ujasiri wa namna hiyo ni tabia au malezi. Inawezekana kabisa malezi yalikuwemo. Thoma wa Akwino hufundisha kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha, kwa hiyo kuyaona malezi si kuifuta neema. Wala sidai kwamba matunda humlazimisha asiyeamini akubali. Ninachodai ni kwamba mwamini anayetafuta kazi ya Mungu ndani yake aitafute hapo kabla ya kuitafuta kwenye machozi.

Pingamizi linalonigusa zaidi hutoka kwa wanakarismatiki, ambao uamsho wao ulianza Marekani mwaka 1967 na una wafuasi wengi Afrika Mashariki: je, faraja za sala ni bure? Hapana. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alizihesabu kuwa zawadi halisi. Lakini ndiye huyohuyo aliyeonya kwamba wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokauka, mtu asibadili uamuzi mwema aliouweka wakati wa faraja, na akataja sababu tatu za ukiwa: uzembe wetu, majaribu ya Mungu, na fundisho kwamba faraja si mali yetu. Sababu moja tu kati ya hizo ni kosa la anayesali. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi cha sala anayemwambia mama mwenye moyo mkavu kwamba lazima ana dhambi aliyoificha, amezifuta sababu mbili na kumtwika mzigo ambao Kanisa halikumtwika. Amuulize kwanza kama bado anasali, kama bado anawahudumia wagonjwa wa jumuiya yake, kama amewasamehe waliomkosea.