Mlango wa Balkoni Ukifunguka, Simu Yako Itajua?

Apatimenti nyingi siku hizi, kuanzia Ruaka mpaka Nyali, zina ule mlango mkubwa wa vioo wa kusukuma kando, wa kutoka sebuleni kwenda balkoni. Unapendeza na unaleta upepo. Lakini linganisha tu: mlango wa mbele una grili, komeo na kufuli. Huu wa vioo umeshikwa na ndoano moja ndogo ya alumini. Na kama unakaa chini, au balkoni yako imepakana na ya jirani, si lazima mwizi ahangaike na ule wa mbele.

Hapa ndipo vihisi vinapoingia, au sensa kama mafundi wanavyoziita (si ile ya kuhesabu watu). Cha kawaida kina vipande viwili: kimoja kina betri na swichi, kingine ni sumaku. Kimoja unakibandika kwenye fremu, kingine kwenye mlango, vikiwa karibu sana, kama sentimita moja hivi. Mlango ukisogea, sumaku inaachana na swichi, na ujumbe unakuja kwenye simu yako. Vingi huja na gundi ya pande mbili, kwa hivyo hutoboi chochote na landilodi hatagusa depositi yako. Futa vumbi kwanza, la sivyo kitaanguka.

Mambo mawili wengi hawaambiwi dukani. Kwanza, kama vioo vyote viwili vinasukumika, kila kimoja kinahitaji kihisi chake. Pili, kama unapenda kuacha mlango wazi kidogo usiku kwa sababu ya joto (watu wa Mombasa mnaelewa), kihisi kitahesabu kwamba umefunguliwa. Dawa yake ni kubandika sumaku ya pili pale mlango unapoishia ukiwa wazi kidogo. Hakikisha tu nafasi hiyo haipitishi mtu.

Sasa, kihisi hakizuii mtu. Kinasema tu. Mlango wa aina hii unaweza kunyanyuliwa ukatoka kwenye reli kama umelegea, kwa hivyo fundi akaze rola zake, na wewe ulaze kipande cha mbao au bomba ndani ya reli ya chini ili usisukumike. Hiyo fimbo ni bei ya karibu bure, na kwangu mimi inakuja kabla ya kifaa chochote cha betri. Na mtu akivunja kioo akapita hapo hapo, sumaku haijasogea, hutapata habari. Kwa hilo kuna kihisi cha mtikisiko kinachobandikwa kwenye kioo chenyewe. Kile cha mwendo kiweke ndani, kiangalie sebule. Ukikiweka nyuma ya kioo kichunge balkoni hakitaona kitu, kwa sababu kinategemea joto la mwili na kioo hulizuia.

Halafu kuna swali la stima. Vihisi vingi hutuma ujumbe kupitia waifai. Stima ikipotea, ruta inazima, na kihisi chenye betri nzima kabisa kinabaki bubu. Unaweza kununua betri ndogo ya ruta, au uchukue kengele inayotumia simkadi, ambayo hukupigia au kukutumia SMS.

Ukichagua ya simkadi, sikiliza hapa vizuri. Laini hiyo inahitaji kredo, na ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa. Kwa hivyo inunulie kredo mara kwa mara kutoka kwa simu yako. Isajili kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha fundi. Na usiweke pesa kwenye laini hiyo! Kengele nyingi hukutaka uondoe PIN ya simkadi ndipo zifanye kazi, na mwizi akiondoka na kifaa ameondoka na laini pia.

Kuhusu kununua: Luthuli Avenue pale Nairobi utapata vya kila bei, na mitandaoni ndio usiseme. Muuzaji akitaka utume pesa yote kwa namba yake binafsi kabla hujaona mzigo, achana naye. Lipia kwa till ya duka, soma jina linalotokea, na usifute ule ujumbe wa malipo, kwa sababu ndio utaonyesha ukirudisha kifaa kibovu. Fundi naye mlipe baada ya kufungua mlango mwenyewe na kuona simu yako imelia.

Jaribu tena kila mwezi, mara moja stima ikiwepo na mara moja ukiwa umezima ruta. Na ujumbe ukikupata kazini, usikimbilie nyumbani peke yako. Mpigie keateka au jirani aangalie kutoka nje bila kuingia, kisha piga 999 au 112.