Ugeni wa mtu kwao



Ufikapo mwezi wa Desemba shule hufungwa, na mzazi wa mjini huanza kuulizwa swali lile lile: mwaka huu tunakwenda wapi? Wako wenye uwezo mkubwa duniani ambao husafiri na watoto wao hadi Japani, katika kisiwa cha Hokkaido, kwenda kuteleza juu ya theluji. Watu hao, kabla hawajafunga mizigo, hujifunza kwanza adabu za wenyeji. Hujifunza kwamba Mjapani husalimu kwa kuinama, kwamba viatu huvuliwa mlangoni, na kwamba mtu hujisugua na kujisafisha kabisa kabla ya kuingia katika bwawa la maji ya moto ambalo wengine nao wanaogea. Hawaoni haya kujifunza, kwa sababu wanajua kuwa wanakwenda ugenini.

Leo nataka tuzungumze juu ya ugeni wa namna nyingine, nao ni ugeni wa mtu kwao. Nitachukua mfano wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha.

Hebu tufikirie familia moja ya Dar es Salaam. Baba kazaliwa kijijini Kasulu, mama ni mtu wa Pwani, na watoto watatu wamezaliwa mjini. Wanapanda treni ya reli ya kati, reli ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, kisha wanapanda basi kuelekea Kasulu, mwendo wa karibu kilomita 100. Wanafika jioni, mvua inanyesha, na mtoto mdogo amevaa fulana tu. Anatetemeka. Hakuna aliyemwambia kwamba Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kwa kawaida mtu akipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Jambo la kwanza, basi, ni sweta.

Lakini baridi si kitu. Sweta huazimwa. Jambo kubwa ni lile linalofuata mlangoni. Bibi anatoka nje, anainama, anapiga makofi taratibu na kuanza kusalimu. Kijana wa mjini anajibu, "Mambo, bibi!" kisha anaangalia simu yake. Bibi ananyamaza. Hakuna aliyetukana, na hakuna aliyepigwa, lakini kitu kimevunjika pale.

Ndugu wasikilizaji, kwa Waha salamu si neno la kupita njiani. Asubuhi husema "Mwakeye", na mchana kuelekea jioni husema "Mwidiwe". Mwili huinama, viganja hupigwa polepole, na mdogo hujishusha zaidi mbele ya mkubwa. Salamu haina haraka. Ataulizwa mgeni habari za alikotoka, habari za wazazi, na habari za safari. Ataulizwa pia yeye ni mtoto wa nani. Kijana wa mjini huona kwamba anahojiwa kama yuko polisi. Sivyo. Mzee anatafuta mahali pa kumweka katika ukoo, ili ajue amwite mjukuu, mpwa au shemeji. Mtu asiyejulikana ni wa nani ni vigumu kumtendea haki yake.

Jambo la pili ni chakula. Mezani au mkekani utakuta ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na ikiwa soko limekuwa zuri, migebuka au dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Mtoto aliyezoea chipsi atakunja uso. Mzazi asimwache aseme, "Mimi sili hiki." Mwenye nyumba amelima maharage yale kwa mkono wake, na anayekataa chakula huonekana anamkataa aliyekipika. Aonje kidogo, ashukuru, na kesho ataongeza mwenyewe.

Jambo la tatu mara nyingi husahauliwa. Desemba kwetu mjini ni likizo, lakini Kasulu na Kibondo ni msimu wa kazi. Mvua huanza kunyesha Oktoba au Novemba, na huendelea hadi Aprili au Mei. Familia ya mjini inapofika kupumzika, wenyeji wako shambani tangu alfajiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa kumfukuza mgeni. Walimaanisha kwamba baada ya siku mbili huyo si mgeni tena, ni mtu wa nyumba. Mtoto wa darasa la sita akipalilia tuta moja pamoja na babu yake, hata kama atakata mimea miwili mitatu, amekwisha kupokewa.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Kwa nini watoto hawa hawakuijua salamu? Ni kwa sababu baba yao hakuwafundisha. Na kwa nini hakuwafundisha? Kiha ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi, hata mzee wa Kibondo na mzee wa ng'ambo ya mpaka husikilizana bila mkalimani. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1972, kisha mwaka 1993, na tena mwaka 2015, Mha wa mjini amekuwa akitaniwa, na pengine kushukiwa, kwamba yeye si Mtanzania. Baba akaona afadhali watoto wake wasiwe na lafudhi ile. Alitaka kuwakinga. Ila kinga hiyo imewatenga na bibi yao. Bibi anajua Kiswahili kidogo, wajukuu hawajui Kiha, na baba amekaa katikati kama mkalimani. Siku baba huyo akiondoka duniani, njia itakuwa imefungwa.

Na watoto hao wana mengi ya kujivunia. Kabla ya wakoloni nchi ya Buha ilikuwa na tawala zake, na mtawala aliitwa mwami. Heru ilikuwa katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika Kibondo, na Buyungu katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kabla ya Uhuru, Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Binti wa mjini anayeambiwa kwamba mambo ya kijijini ni ya kumdharau mwanamke, apelekwe Heru Juu asimuliwe habari hiyo. Aidha waambiwe kwamba mashamba ya mkonge ya Tanga, yaliyoipatia nchi hii fedha nyingi za kigeni, yalilimwa pia kwa jasho la vijana wa Kiha waliosafiri mbali na kwao. Vijana hao waliporudi nyumbani hawakutaka kufika mikono mitupu. Ndiyo sababu hata leo kilo mbili za sukari, sabuni na kitenge cha bibi si rushwa wala majivuno. Ni kusema, "Nilikuwa mbali, lakini sikukusahau."

Ndugu wasikilizaji, sisemi watu wa mjini waigize maisha ya zamani. Mila nazo hubadilika, na wenyeji wa Kasulu na Kibondo wanajua hivyo kuliko sisi. Wala hawamdai mgeni ajue kila kitu. Mtoto akikosea kupiga makofi watacheka, kisha watamwelekeza. Wanachodai ni dalili kwamba amejaribu.

Anayekwenda Japani hujifunza kuinama mbele ya watu ambao pengine hatawaona tena. Sisi tunashindwaje kujifunza makofi mawili kwa ajili ya bibi aliyemzaa baba yetu? Tiketi zitakatwa wiki ijayo. Kabla ya hapo, jioni moja, zima televisheni, waite watoto, uwafundishe maneno mawili: Mwakeye na Mwidiwe.

Kwaherini.