Chuma Safi, Laptopu Haiijui

Kila mbogi inayorekodi kwa keja hufika hapa. Maiki moja na intafesi ya chaneli mbili zilikuwa zinatosha, juu ilikuwa ni msee mmoja na bars zake. Sai kuna msee wa drum, wa bass, na masupa wawili wa harmony, na kila mtu anataka traki yake. Kick kivyake, snare kivyake, ndo ukianza kumiksa usipate ngoma imeshikana ka uji wa jana. Intafesi mpya ya chaneli nane ni ganji mrefu. Halafu msee fulani anapost Focusrite Saffire Pro 40, priamp nane, bei ya kutupa. Mnachanga, mnabeba. Kucheki nyuma ya chuma, poti ni ya FireWire. Laptopu yenu iko na USB-C peke yake.

Chanukeni mapema: hiyo mashine haijakufa. FireWire, jina lake la ofisi IEEE 1394, iliidhinishwa 1995, na kuna enzi ndo ilikuwa mdosi wa kurekodi. MOTU walitoa 828 mwaka wa 2001, wakafuatwa na M-Audio, PreSonus na Digidesign. Ikifika 2011, Apple wakaweka Thunderbolt kwa MacBook Pro, laptopu zikaanza kukonda, na ile poti ikapigwa teke. Ndo maana machuma ya ukweli zinauzwa bei ya mutura.

Wengi hudhani ni shida ya spidi. Zii. Traki moja ya biti 24 kwa 48 kHz hula kitu megabiti 1.15 kwa sekunde, so hata zikiwa nane hazifikishi 10. USB 2.0, ile ya mwaka wa 2000, ina nafasi ya 480. Barabara ni kubwa, noma ni sheria za barabara. Kwa USB, kompyuta ndo inaamuru na kifaa kinangoja kuulizwa. Kwa FireWire, vifaa hubonga ka mabeste, yeyote anaweza anzisha stori. Juu ya hiyo unahitaji draiva, na kampuni nyingi ziliacha kuzishughulikia kitambo.

So ile kebo ya soo mbili tatu, huku FireWire, huku USB, wachana nayo. Ndani ni waya tupu, hakuna kitu inabadilisha. FireWire ya pini sita inaweza beba mpaka volti 30, na poti ya kawaida ya USB imezoea 5. Utaunguza laptopu ukitafuta kuokoa doo. Na hata ukiwa na poti halali, zima kila kitu kwanza kabla uchomeke. Kuna wasee walichoma poti zao juu ya haraka tu.

Njia za ukweli ziko. Ka uko na Mac yenye Thunderbolt, unaunganisha adapta ya Thunderbolt 3 kwenda 2, halafu ya Thunderbolt kwenda FireWire 800, halafu kebo ya pini tisa kwenda sita. Inakaa treni, lakini inashika. Ila usibonyeze update ovyo: macOS 26, iliyotoka 2025, iliondoa FireWire kabisa. Na USB-C si lazima iwe Thunderbolt. Cheki kwa specs za Mac yako ka imeandikwa Thunderbolt.

Ka huna Mac, sahau laptopu kiasi. Tafuta desktopu ya ex-UK, zile zimejaa tao, utie kadi ya FireWire ya PCI Express. Waulize ka chipu ni ya Texas Instruments, juu intafesi nyingi huelewana nayo poa kuliko zingine. Tia Windows ya zamani kiasi yenye draiva inaikubali, itoe kwa mtandao, iwe kazi yake ni kurekodi tu. Wenye wanapenda Linux pia wako na bahati, juu draiva za FFADO zinashika machuma kibao za FireWire.

Njia ya tatu ni ya wajanja. Ka chuma iko na poti ya ADAT, ile ya mwanga, inaweza tumika ka priamp: chaneli nane zinapita kwa waya mmoja mwembamba hadi kwa intafesi ya USB yenye pia iko na ADAT ya kuingia. Zingine lazima upange hiyo njia ya sauti kwanza ukitumia kompyuta inayoielewa, halafu ndo iendelee solo. Na ni 48 kHz. Ukipanda 96, nane zinabaki nne.

So next time mnaenda maduka za elektroniki za Luthuli ama kwa seller wa mtandao, beba kompyuta yenye mtatumia. Washa, rekodi chaneli zote nane kwa wakati mmoja, ngojea dakika kumi, skiza ka kuna kukatakata. Seller akianza drama eti "hii hushika kila laptopu", hepa. Halafu hesabu chuma, kadi na desktopu pamoja, ndo bei yenyewe. Ikibaki chini ya ile mpya, chukua bila wasiwasi. Change inunue stendi za maiki, juu hizo haziitishangi draiva.