Tazama Mapezi

Sokoni ngisi ni ngisi: hupimwa kwa kilo, mkubwa akatengwa na mdogo, basi. Lakini pwani ya Mbau, wilayani Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado, imo ndani ya maskani ya ngisi wawili wa ukoo mmoja, Loliginidae, ambao maisha yao yanatofautiana sana.

Wa kwanza ni ngisi wa miambani, Sepioteuthis lessoniana. Mapezi yake mapana huanzia karibu na shingo hadi ncha ya mkia, ndiyo maana wengi humdhani dome. Mpasue mgongo: dome ana gamba nene la chokaa, huyu ana kipande chembamba kinachopitisha mwanga. Mwenzake, Uroteuthis duvaucelii, ni mwembamba zaidi, na mapezi yake yamekaa nyuma tu, mfano wa uru wa karata. Juu ya kifuko chake cha wino ana viungo viwili vyenye bakteria wanaotoa mwanga. Ngisi wa miambani hana taa hizo.

Tofauti kubwa iko kwenye makazi na mayai. Duvaucelii hupenda maji ya kina cha mita 30 hadi 170, juu ya mchanga na matope, ambako meli za nyavu za kukokota humfikia. Ngisi wa miambani huja kwenye maji haba, akatundika vifuko vyeupe kwenye nyasi za bahari na matumbawe, kila kifuko kikiwa na mayai machache tu, makubwa. Maji yakiwa ya joto, huanguliwa baada ya wiki 3 hivi. Juya likipita hapo kabla ya kuanguliwa, kizazi kimekwisha. Na kwa kuwa ngisi huyu kwa kawaida hatimizi mwaka, hakuna wazee wa kuziba pengo.

Hata huyo wa miambani huenda si mmoja. Wavuvi wa Okinawa, Japani, walimgawa katika aina 3 zamani. Vipimo vya maabara vya miaka ya 1990 vikawapa haki. Wataalamu wangeanza kwa kuwauliza wavuvi.

Kwa hiyo takwimu inayoandika "ngisi" tu haimsaidii mtu. Wanaopima samaki kwenye madiko wawaandike mbalimbali, na wenye majuya wayapishe majani yenye vifuko vyeupe.